Jiko la kuni kwenye dohani ya zamani: je, inahitaji bitana? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za nyanda za juu, kuanzia Lushoto, Mufindi na Njombe hadi Limuru, Kericho na Nyahururu, zina meko ya kuotea moto yaliyojengwa enzi za ukoloni kwenye mashamba ya chai, misheni na nyumba za maofisa. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, wenye nyumba hizo huchoka kukaa mbele ya moto unaounguza magoti huku mgongo ukiganda. Wananunua jiko la chuma lenye mlango wa kioo na kutaka lisukumwe palepale kwenye meko. Jiko likishafika ndipo linapoulizwa swali lililopaswa kutangulia: dohani hii itaufaa moshi wa jiko hili?

Majibu haya ni ya nyumba kama hizo. Aliyeko Uingereza ana swali lake karibu na mwisho, maana huko kuna taratibu za serikali zinazopaswa kufuatwa.

Bitana ya dohani ni nini hasa?

Ni njia ya moshi iliyo ndani ya dohani, yaani ndani ya chimni kama mafundi wengi wanavyosema. Inaweza kuwa mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyopangwa wakati nyumba inajengwa, bomba la stenlesi lililoteremshwa baadaye, au zege jepesi linalostahimili joto lililomiminwa kuzunguka puto maalumu.

Inazuia moshi na gesi kupenya ukutani na kuingia vyumbani. Inayakinga matofali na viungio vyake dhidi ya asidi na lami ya moshi. Tena inaipa njia ya moshi upana unaolingana na jiko. Hilo la upana ndilo husahaulika, na kwa nyumba za kwetu ndilo mara nyingi huamua jambo zima.

Meko yangu yamewaka miaka mingi bila tatizo. Kwa nini jiko lilete tatizo?

Kwa sababu moto wa jiko si moto wa meko, hata kama kuni ni zilezile.

Meko ya wazi huvuta hewa nyingi sana kutoka chumbani. Hewa hiyo hupanda pamoja na moshi, ikiuchanganya na kuusukuma kwa kasi hadi nje. Sehemu kubwa ya joto, asilimia 80 au zaidi, hupotea kwa njia hiyo. Ni hasara kwa anayeota moto, lakini kwa dohani ni nafuu: inapitisha hewa nyingi na vuguvugu muda wote, nayo inabaki kavu.

Jiko lenye mlango hufanya kinyume. Hewa inaingia kwa kipimo, na jiko zuri la kisasa linabakiza chumbani zaidi ya asilimia 70 ya joto la kuni. Kinachopanda juu ni moshi kidogo, mzito, na usiku mtu akishafunga tundu la hewa ili moto ulale hadi asubuhi, unapoa zaidi. Moshi huo ukiingia kwenye dohani pana unatawanyika, unapoteza mwendo na kukaa muda mrefu ukigusa matofali baridi. Ukishuka chini ya nyuzi joto 120 hivi, mvuke na kemikali zake huganda ukutani. Mwanzoni ni masizi laini, baadaye maganda, na mwisho ni lami nyeusi inayong'aa kama kioo. Mafundi wa kigeni huiita kreosoti, nayo inawaka. Dohani iliyokuwa safi miaka 60 inaweza kupakwa lami hiyo katika msimu mmoja tu wa baridi.

Kwa hiyo kila dohani lazima itiwe bitana?

Hapana, na fundi anayesema hivyo kabla ya kupanda juu ya paa anauza bomba. Dohani iliyojengwa na mabomba ya udongo tangu mwanzo, ambayo mabomba yake hayajapasuka wala kuachana, ambayo upana wake unakaribiana na mdomo wa jiko, na ambayo imepita jaribio la moshi, inaweza kutumika ilivyo. Hapo unaziba uwazi wa chini ya dohani kwa bamba la chuma, unapitisha bomba la jiko katikati yake, na kuacha mlango mdogo wa kuzolea masizi.

Lakini dohani ya matofali au mawe matupu, pana kiasi cha mtoto kupita, mimi nisingeiwashia jiko bila bitana hata kama kila kiungio chake ni kizima.

Nitajuaje kama dohani yangu tayari ina bitana?

Piga tochi kutoka chini huku umeshika kioo, au funga simu kwenye mti mrefu, washa taa yake na urekodi video ukiipandisha taratibu. Ukiona mistari ya matofali na viungio vyake, hakuna bitana. Ukiona ukuta laini wa mviringo au wa mraba wenye maungio kila baada ya nusu mita au mita moja hivi, hayo ni mabomba ya udongo.

Usidanganywe na chungu cha udongo kilichosimama kileleni. Chungu hicho huwekwa hata juu ya dohani isiyo na kitu ndani. Lipu nayo inachanganya watu. Waashi wa zamani, huko Uingereza na kwa waliojenga kwa mtindo wao, walipiga njia ya moshi lipu ya chokaa, pengine iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Ilikuwa kazi nzuri, lakini lipu hiyo humomonyoka. Ukikuta vipande vyembamba vya chokaa vyenye upande mmoja mweusi vimeanguka kwenye meko, lipu yako inaondoka.

Upana unapimwa vipi, na upi ni mkubwa mno?

Linganisha eneo, si kipenyo. Majiko mengi ya nyumbani yana mdomo wa moshi wa milimita 150, ambao eneo lake ni kama sentimita za mraba 177. Dohani ya kawaida ya nyumba ya Uingereza, yenye pande za milimita 225, ina sentimita za mraba 506, karibu mara tatu. Dohani ya sentimita 35 kwa 35 ina 1,225, karibu mara saba.

Kiwango cha NFPA 211 kinachotumika Marekani kinasaidia hapa: eneo la njia ya moshi lisizidi mara tatu ya mdomo wa jiko ikiwa dohani iko ndani ya nyumba, na lisizidi mara mbili ikiwa ukuta wake mmoja au zaidi uko nje kwenye baridi. Hilo la ukuta wa nje lichukuliwe kwa uzito. Dohani nyingi za mashambani zimejengwa upande wa nje wa nyumba, zinapigwa na ukungu na mvua, na ni baridi kutoka msingi hadi kileleni.

Jaribio la moshi linafanywaje?

Kwanza dohani isafishwe, maana masizi huziba nyufa na kukupa jibu la uongo. Ipashe joto kwa dakika 10 kwa moto mdogo au kifaa cha kupulizia joto. Dohani baridi haivuti. Weka chini kitu cha kutoa moshi mwingi. Kuna vidonge maalumu vya kazi hiyo, na pasipo vidonge mafundi huwasha majani mabichi ndani ya debe. Moshi ukianza kujaa, ziba uwazi wa meko kwa ubao au turubai. Mtu aliye juu ya paa akiona moshi umetoka vizuri kileleni, naye azibe kwa gunia lililoloweshwa.

Sasa zunguka, na usiharakishe. Chukua angalau dakika tano. Ingia kila chumba kinachopakana na dohani. Panda darini na tochi, maana huko ndiko uvujaji mwingi hujificha. Angalia meko ya chumba cha pili kama yapo, kwa kuwa ukuta mwembamba unaotenganisha njia mbili za moshi ndio hubomoka mapema. Kaa nje utazame ukuta wa dohani kuanzia chini hadi juu. Moshi ukitokeza popote, dohani inavuja, na kinachopita hapo siku ya kawaida ni gesi inayoua.

Madirisha yawe wazi, watoto wawe nje, na aliye juu ya paa awe amefungwa kamba.

Dalili zipi zinatosha kuamua bila hata jaribio?

Madoa ya rangi ya chai yanayojitokeza ukutani chumbani, hata baada ya kupaka rangi upya. Harufu ya moshi kwenye chumba kisicho na moto. Mchanga na vipande vya saruji vinavyoanguka kwenye meko. Ufa unaofuata dohani kwenda juu. Ukuta unaopata moto usioweza kuwekewa kiganja. Ukiwa na moja ya hizi, weka bitana au usiwashe.

Kuna boriti ya mbao imeingia kwenye ukuta wa dohani. Ni hatari?

Ndiyo, na bitana peke yake haiondoi hatari hiyo. Mbao iliyopashwa moto mwaka hadi mwaka hukauka na kubadilika taratibu, hadi siku moja inashika moto kwa joto ambalo zamani isingeshtuka. Mwongozo wa England unataka mbao iwe angalau sentimita 20 kutoka uso wa ndani wa njia ya moshi, au sentimita 4 kutoka uso wa nje wa ukuta wa dohani. Boriti ikatwe na ishikiliwe kwa njia nyingine kabla ya jiko kuwekwa. Kama paa ni la nyasi au makuti, kilele cha dohani kiwe angalau mita 1.8 juu ya ncha ya paa. Kusema kweli, paa la namna hiyo linahitaji mtaalamu aliyelizoea.

Nichague bitana ya aina gani?

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, bomba la stenlesi linalopindika, lenye ngozi mbili na lililotengenezwa kwa ajili ya kuni, ndilo jepesi kuteremsha, hasa kama dohani ina kona. Utakutana na daraja mbili: 316, inayotosha kwa kuni kavu, na 904, inayostahimili asidi zaidi na kuwafaa wanaopenda moto wa polepole usiku kucha au wanaochanganya na makaa ya mawe. Bomba gumu la stenlesi hudumu vizuri kwenye dohani iliyonyooka. Mabomba ya udongo wa kuchoma hudumu kuliko yote, lakini kuyaingiza kwenye dohani ya zamani maana yake ni kubomoa ukuta sehemu kadhaa.

Bomba la aluminiamu la majiko ya gesi halifai kabisa. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa dohani unaweza kupita nyuzi 1,000.

Fundi wa mabati atanitengenezea bomba kwa bei nafuu. Nikubali?

Usikubali. Naelewa kwa nini watu hukubali: bomba la stenlesi huagizwa mbali na bei yake inaumiza, na bomba la bati siku ya kwanza linapendeza macho. Lakini zinki iliyopakwa kwenye bati huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, bati lenyewe ni jembamba, na asidi ya moshi wa kuni hulitoboa kwa ndani ambako hulioni. Utakuwa na bitana ambayo unaiamini na ambayo haipo. Afadhali kuendelea na meko ya wazi hadi fedha ipatikane.

Na ukikuta dohani yenye bomba la zamani la kijivu linalofanana na saruji, usilivunje wala kulikata. Linaweza kuwa la asbesto, na vumbi lake ni la kuogopwa.

Nisimamie nini siku ya kuweka?

Dohani isafishwe kabisa kwanza. Lami ya zamani ikibaki nyuma ya bomba jipya, inaweza kuwaka baadaye mahali ambapo brashi haifiki.

Halafu angalia maungio. Bomba linalopindika lina mshale unaoonyesha upande wa juu. Likigeuzwa, mikunjo ya ndani inakamata lami badala ya kuiachia. Kwa bomba gumu na kwa mabomba ya udongo, kila ncha ya kiume ielekee chini na kuingia ndani ya mdomo wa bomba lililo chini yake. Hivyo kimiminika chochote kitatiririka ndani ya njia hadi kwenye moto na kuungua. Ukipanga kinyume, kinatoka kwenye kila kiungo na kulowesha ukuta. Nimeona mafundi hodari wa mabomba ya maji wakibishana juu ya hili. Simama karibu utazame kwa macho yako, maana bomba likishazibwa huwezi tena kujua.

Nafasi kati ya bomba na ukuta ijazwe vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazotunza joto) au izungushiwe sufi ya mwamba (nyuzi za mawe), hasa kwa dohani ya nje. Bomba likikaa na joto, moshi hupanda haraka na lami hupungua. Kileleni weka kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege.

Tunaishi juu sana. Kimo kinabadilisha chochote?

Kinabadilisha, na maelekezo ya majiko yaliyotengenezwa Ulaya mara nyingi hayasemi. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo mvuto wa dohani hupungua. England hushauri njia ya moshi isipungue mita 4.5. Njombe au Limuru ningeongeza urefu kidogo na kupunguza kona kadiri inavyowezekana. Hii ni sababu nyingine ya kutopitisha moshi wa jiko dogo kwenye dohani pana isiyo na bitana. Kilele kipite angalau sentimita 90 juu ya pale dohani inapotokea paani, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3.

Nikitumia kuni kavu, naweza kuepuka bitana?

Kuni kavu hupunguza lami sana lakini hazibani dohani pana wala hazizibi nyufa. Hata hivyo bitana bila kuni kavu ni fedha iliyotupwa. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Pasua mkaratusi, mwati au mgrevilea ungali mbichi, panga chini ya paa upepo upite pande zote, na subiri mpaka unyevu ufike asilimia 20 au chini. Kipimo kidogo cha unyevu hakigharimu sana. Choma sindano zake kwenye uso uliopasuliwa upya, si kwenye ncha ya gogo. Watu husingizia mti wa msindano (paini) kwa ajili ya utomvu wake. Ukiwa mkavu na moto ukiwa na hewa ya kutosha, hauna kosa.

Bitana itatukinga na gesi ya sumu?

Itazuia isipenye ukutani, lakini haitoshi. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Weka kengele yake kwenye chumba chenye jiko, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko, na uijaribu mara kwa mara. Chumba kiwe na tundu la kudumu la hewa. Tena, tafadhali: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto usiku, hata kwa saa moja, hata kama dohani ipo. Kila msimu wa baridi kuna familia haziamki kwa sababu hiyo.

Niko Uingereza na nyumba yangu ni ya zamani. Sheria inasemaje?

Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni za ujenzi za 1965 kwa kawaida zina bitana ya udongo au zege. Za kabla ya hapo mara nyingi hazina. Kwa England, Approved Document J ndiyo mwongozo. Hausemi kwamba kila dohani ya zamani lazima iwekewe bomba. Unataka dohani iliyokaguliwa na kuonekana inafaa kwa jiko husika. Kwa jiko la kawaida la kuni, kipenyo cha chini ni milimita 150, na 125 huruhusiwa kwa baadhi ya majiko yaliyothibitishwa kutoa moshi kidogo.

Kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa, kwa mfano na HETAS, shirika linalosajili mafundi wa majiko ya kuni, naye atakupa cheti, au uiarifu ofisi ya ujenzi ya halmashauri kabla ya kuanza. Cheti kitunze, utakiulizwa ukiuza nyumba, na kampuni ya bima nayo inaweza kukitaka. Kengele ya monoksidi ya kaboni ni lazima. Uliza pia kama mtaa wako uko kwenye eneo la kudhibiti moshi.

Gharama ni kubwa. Nianzie wapi?

Anza na usafi na ukaguzi kabla ya kununua jiko. Urefu wa dohani, idadi ya kona na ugumu wa kufika juu ya paa ndivyo hupandisha bei, na hayo huyajui mpaka mtu apande. Kisha nunua jiko dogo kuliko ulivyopanga. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu lina moshi safi. Kubwa linalobanwa ili chumba kisichome watu ndilo linalojaza lami.

Dohani ikishika moto nitajuaje, na nifanye nini?

Utasikia mngurumo kama wa lori linalopita nje, na cheche zitatoka kileleni. Funga tundu zote za hewa za jiko na mlango wake. Toa watu wote nje na upige simu zimamoto: 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya na Uingereza. Usimwage maji ndani ya dohani, kwani mvuke wa ghafla hupasua bitana na ukuta. Moto ukizimika, darini pakaguliwe saa kadhaa baadaye, maana mbao huendelea kufuka. Jiko lisiwashwe tena hadi dohani ikaguliwe na ijaribiwe kwa moshi upya.

Baada ya bitana, nisafishe mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka kwa nyumba inayowasha kila jioni ya baridi: kabla ya msimu kuanza na baada ya kuisha. Tumia brashi ya nailoni. Ya waya hukwaruza stenlesi. Ukikuta masizi ya unga, endelea kama ulivyo. Ukikuta maganda au lami inayong'aa, badilisha kuni au ongeza hewa kabla ya kuwasha tena.